RecA maabarani: hesabu kwanza, protini baadaye

RecA ni protini ya bakteria Escherichia coli. Kazi yake ni kuikamata DNA ya uzi mmoja, kuizungukia mpaka uzi wote ufunikwe, kisha kuutafutia uzi huo mfuatano unaolingana nao ndani ya DNA ya nyuzi mbili. Ukipatikana, nyuzi hubadilishana: mgeni anaingia, mwenyeji mmoja anatolewa. Jeni yake, recA, ilijulikana mwaka 1965, Alvin John Clark na Ann Dee Margulies walipotenga E. coli zilizoshindwa kuunganisha upya DNA. RecA inayouzwa leo hutoka kwa E. coli hiyohiyo, iliyoongezewa nakala za jeni ili izalishe protini kwa wingi, kisha protini ikatenganishwa na kila kitu kingine kilichokuwa ndani ya seli.

Mwongozo huu unafuata jaribio moja tu, la kubadilishana nyuzi, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama protini ni nzima kweli. RecA inaweza kushika DNA na kuvunja ATP (molekuli inayobeba nishati) vizuri kabisa, lakini ikashindwa kumaliza safari ya nukleotidi (viungo vya uzi wa DNA) elfu tano. Na jaribio likigoma, usikimbilie kuilaumu protini. Mara nyingi kosa liko kwenye hesabu ya nukleotidi, kwenye mpangilio wa kuongeza vitu, au kwenye ATP iliyoisha bila mtu kujua.

Kitubu kikifika

RecA kwa kawaida huja katika bafa (kimiminika kinachotunza pH) ya Tris 50 mM (milimola kwa lita) yenye pH 7.5, EDTA 0.1 mM, DTT 1 mM na gliseroli asilimia 50, na hukaa kwenye nyuzi joto 20 chini ya sifuri. Kwa gliseroli kiasi hicho haigandi, na hiyo ndiyo faida yake: unachota kidogo unachohitaji na kurudisha kitubu bila kukigandisha na kukiyeyusha kila mara. Epuka friza zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe, kwa maana hupanda joto mara kwa mara ili barafu isijengeke, na protini ndiyo inayolipa. Mahali ambapo umeme hukatika, kiweke kitubu ndani ya kasha la kupozea lenye jeli, humohumo ndani ya friza. Umeme ukirudi baada ya saa chache, kasha litakuwa limebeba mzigo.

Gliseroli ni nzito na hunata kwenye ncha ya pipeti. Gusisha ncha juu tu ya kimiminika, usiizamishe. Vuta polepole, subiri sekunde mbili, kisha toa. Ukizamisha ncha yote, tone linaloning'inia nje yake linaweza kukuongezea mikrolita nzima, na katika jaribio hili mikrolita moja ya RecA ni kosa kubwa. Kuchanganya ni kwa kugonga kitubu kwa kidole. Usikitikise kwa mashine.

RecA pia ina tabia ya kushikana yenyewe kwa yenyewe hata pasipo DNA. Ukiona ukungu, izungushe kwenye sentrifuji kwa kasi ya juu dakika 10 kwenye nyuzi joto 4, chukua kilicho juu, halafu pima upya kiasi chake. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko haikuhusu tena.

Kuipima na kuihakikisha

RecA ina amino asidi 352 na uzito wa kilodaltoni 37.8. Kwenye jeli ya SDS ya asilimia 12, inayopanga protini kwa uzito, itafute karibu na alama ya kilodaltoni 38. Kwa mwanga wa nanomita 280, miligramu 1 kwa mililita husoma 0.59 katika kyuveti ya sentimita 1. Kipimo cha sifuri kifanye kwa bafa ileile ya kuhifadhia, maana DTT ikizeeka na kuoksidika hunyonya mwanga wa 280, na ukitumia maji kama sifuri utaiona protini ambayo haipo. Soma na 260: protini safi hutoa takriban 0.6 ukigawanya 260 kwa 280. Ukipata 1 au zaidi, kuna DNA au RNA iliyobaki ndani, na hizo zimeshakalia sehemu ya RecA yako kabla hujaanza.

Kisha kuna nyukliezi, vimeng'enya vinavyokata DNA. Hizi ndizo adui wa kimyakimya. Ekzonyukliezi I ya E. coli ni mojawapo inayoweza kufuatana na RecA katika usafishaji, nayo hula DNA ya uzi mmoja kuanzia mwishoni. Duara halina mwisho, kwa hiyo ukijaribu kwa DNA ya duara pekee hutaiona kamwe. Chukua RecA kwa kiasi utakachotumia, iweke na DNA ya duara ya uzi mmoja kwenye tyubu moja, na DNA iliyonyooka ya uzi mmoja kwenye tyubu nyingine, zote zikiwa na magnesiamu 10 mM bila ATP, kwenye nyuzi joto 37 kwa saa moja. Ondoa protini na upitishe kwenye jeli. Mistari ikibaki mikali, endelea.

Uwezo wa kuvunja ATP unapimika kwa spektrofotomita ya kawaida. Unganisha kazi ya RecA na piruveti kinezi, fosfoenolpiruveti na lakteti dihaidrojinezi: kila ATP inayovunjwa huondoa NADH moja, molekuli inayonyonya mwanga, na NADH husoma 6.22 kwa kila milimola kwa lita kwenye nanomita 340. RecA iliyokaa juu ya DNA ya uzi mmoja huvunja takriban ATP 30 kwa dakika kwa kila molekuli. Kwa hiyo RecA 1 µM (mikromola kwa lita), pamoja na DNA 5 µM ya nukleotidi na SSB 0.5 µM (protini ya kufunika uzi mmoja, itakayoelezwa chini), inapaswa kuushusha usomaji kwa karibu 0.19 kila dakika. Ukipata nusu yake, nusu ya protini yako huenda imekufa, au hesabu ya DNA si sahihi. Pasipo DNA usomaji unapaswa karibu usimame.

Hesabu ni ya nukleotidi

Hapa ndipo wengi huanguka. DNA katika kazi ya RecA haihesabiwi kwa molekuli wala kwa nanogramu. Huhesabiwa kwa nukleotidi, kwa sababu RecA moja hukalia nukleotidi tatu. Ukisikia mtu anasema "DNA 20 µM", ana maana ya nukleotidi 20 µM, na RecA inayoitosha ni 20 kugawanya kwa 3, yaani 6.7 µM.

Nukleotidi moja ina uzito wa takriban daltoni 330. DNA ya uzi mmoja yenye 0.1 mg kwa mililita ni basi 303 µM ya nukleotidi, na ya nyuzi mbili yenye uzito huo pia ni 303 µM, ingawa jozi zake ni nusu tu. Kwa usomaji wa 260, usomaji wa 1 ni mikrogramu 36 kwa mililita kwa uzi mmoja na mikrogramu 50 kwa nyuzi mbili. Ukitumia 50 kwa zote mbili utadhani una DNA ya uzi mmoja zaidi ya uliyo nayo, na RecA itakuwa nyingi kuliko inavyotakiwa. RecA ya ziada si dawa. Inayokosa uzi mmoja wa kukalia huanza kuihangaikia DNA ya nyuzi mbili.

RecA ya 2 mg kwa mililita ni 53 µM. Iandike namba hii ubavuni mwa kitubu chako.

DNA mbili unazohitaji

Kirusi cha φX174 kinafaa sana kwa sababu DNA yake hupatikana kwa sura zote mbili: duara la uzi mmoja la nukleotidi 5386, na duara la nyuzi mbili lililosokotana. La pili linyooshe kwa XhoI au PstI, vimeng'enya vya kukata DNA. Kila kimoja hukata mahali pamoja tu. Safisha kwa fenoli au kwa safu ya kusafishia, iteremshe DNA kwa ethanoli, na uiyeyushe kwenye Tris 10 mM.

Ukataji lazima uwe kamili. Duara la nyuzi mbili lililokatika uzi mmoja tu hukimbia kwenye jeli mahali palepale ambapo zao la jaribio litakimbia. Hata DNA ya kununua huwa na madoa yake ya duara la namna hiyo. Likibaki asilimia 5 bila kukatwa, utaona "zao" kabla RecA haijaguswa, na wiki nzima inaweza kupotea juu ya jambo hilo. Pitisha nanogramu 200 za DNA iliyokatwa kwenye jeli peke yake na uangalie kwa makini sehemu ya juu ya mstari mkuu. Pakiwa na kivuli, kata tena.

Mchanganyiko wa mikrolita 50

Bafa mara kumi: Tris-asiteti 250 mM pH 7.5, magnesiamu asiteti 100 mM, potasiamu glutameti 30 mM, DTT 10 mM. Asiteti na glutameti zimechaguliwa kwa sababu. RecA hushika DNA vizuri zaidi mbele yake kuliko mbele ya kloridi, na NaCl ikizidi protini huachia. Kama RecA yako ilitoka kwenye safu kwa NaCl nyingi, ibadilishie bafa kwanza.

Weka kwa mpangilio huu:

- maji, 25.6 µl
- bafa mara kumi, 5 µl
- fosfokreatini 200 mM, 3 µl
- kreatini kinezi yuniti 500 kwa mililita, 1 µl
- φX174 ya uzi mmoja 0.1 mg/ml, 3.3 µl
- RecA 2 mg/ml, 6.3 µl

Dakika 10 kwenye nyuzi joto 37. Kisha:

- φX174 ya nyuzi mbili iliyonyooshwa 0.1 mg/ml, 3.3 µl

Dakika 10 nyingine. Halafu, kwa pamoja, ndipo saa inapoanza:

- ATP 100 mM, 1.5 µl
- SSB 2 mg/ml, 1 µl

SSB ni protini ya E. coli inayofunika DNA ya uzi mmoja. Uzi mmoja hujikunjakunja na kushikana wenyewe kwa wenyewe, na RecA hukwama kwenye mikunjo hiyo. SSB huinyoosha, RecA ikapita. Lakini SSB hushika haraka kuliko RecA. Ukiitanguliza, inaukalia uzi wote na RecA haipati pa kuanzia. Ndani ya seli kuna protini nyingine, RecF, RecO na RecR, za kuifungulia RecA njia. Ndani ya tyubu yako hazimo. Kwa hiyo RecA kwanza, SSB baadaye, bila kubadilisha.

Usiyaweke matone ya ATP na SSB kwenye ukuta wa tyubu ukitumaini yatateremka. Yapeleke ndani ya kimiminika, chota na kurudisha mara tatu taratibu, ndipo ubonyeze saa.

Huna SSB? Ipo njia. Punguza magnesiamu katika dakika 10 za kwanza hadi 1 mM, ATP ikiwemo tangu mwanzo. Magnesiamu ikiwa kidogo, mikunjo ya uzi mmoja hulegea na RecA huufunika wote. Kisha ongeza DNA ya nyuzi mbili na upandishe magnesiamu hadi 10 mM. Zao huwa dogo kuliko la SSB, lakini lipo.

Kwa nini fosfokreatini

RecA 6.7 µM ikivunja ATP 30 kwa dakika kila moja, mchanganyiko wako unakula ATP 200 µM kila dakika. ATP 3 mM ingekwisha ndani ya dakika 15. Hata kabla ya hapo mambo huharibika, kwani ADP ikilingana na ATP RecA huanza kubanduka kwenye DNA, na usawa huo ungefikiwa kati ya dakika ya saba na ya nane. Kreatini kinezi huchukua fosfeti ya fosfokreatini na kuirudishia ADP. Fosfokreatini 12 mM ukijumlisha na ATP 3 mM inatosha kwa dakika 75. Ukitaka kwenda saa mbili, piga hesabu upya kwanza.

ATP yenyewe itazame kwa jicho kali. Ile ya unga yenye sodiamu, ikiyeyushwa kwenye maji matupu, ni chachu kupindukia, karibu pH 3. Isawazishe hadi 7 kwa NaOH huku ukipima kwa karatasi ya pH, igawe kwenye vitubu vidogo, igandishe, na kilichoyeyushwa kisirudi kwenye friza zaidi ya mara mbili. Kumbuka vilevile kwamba kila ATP hubeba magnesiamu moja: kati ya ile 10 mM, iliyo huru ni kama 7.

Kusimamisha na kusoma

Toa 10 µl kwenye dakika ya 5, 15, 30 na 60. Kwa dakika ya sifuri, tengeneza tyubu ndogo ya pembeni isiyo na ATP; usichote kutoka kwenye mchanganyiko mkuu kabla ya ATP, maana utabadilisha ujazo wote. Kila sampuli itie moja kwa moja kwenye 2.5 µl za SDS asilimia 5 na EDTA 100 mM, ongeza 1 µl ya proteinezi K (kimeng'enya kinachokata protini) 10 mg/ml, kisha uiache kwenye nyuzi joto 37 kwa dakika 30. Usiiweke kwenye barafu: SDS huganda kwa baridi, na potasiamu ikiwepo huganda upesi zaidi.

Jeli iwe ya agarosi asilimia 0.8 katika bafa ya TAE, bila ethidiamu bromidi ndani yake. Rangi hiyo ikiwa ndani hubadilisha mwendo wa DNA. Paka baada ya kuendesha, ukiwa na glavu, kwa dakika 30, kisha suuza kwa maji. Volti ziwe 2 hadi 3 kwa kila sentimita, usiku kucha ikibidi. Ukiharakisha, mistari miwili unayoitaka sana hugusana.

Kutoka juu kushuka chini utakuta molekuli zilizoungana nusu, ambazo hutambaa karibu na vishimo vya kutilia sampuli na mara nyingi huonekana kama mistari kadhaa ya ukungu. Kisha duara la nyuzi mbili lililokatika uzi mmoja, ambalo ndilo zao. Kisha DNA iliyonyooka, ile uliyoanza nayo. Na chini zaidi nyuzi moja moja, ambazo hupokea rangi hafifu. Katika jaribio zuri, dakika ya 5 ina ukungu wa juu, ya 15 ina ukungu na mwanzo wa zao, na kufikia ya 60 ukungu umepungua huku zao likiwa limekolea. Kutazama ukungu ule ukishuka na kuwa mstari mmoja mkali ni kuiona RecA ikifanya kazi yake mbele ya macho yako.

Usisome jeli yoyote isiyo na vidhibiti vitatu: bila RecA, bila ATP, na ya DNA isiyofanana, kwa mfano uzi mmoja wa M13mp18 (nukleotidi 7249) dhidi ya φX174. Cha tatu ndicho kinachothibitisha kwamba unachoona ni utambuzi wa mfuatano, si DNA kushikamana ovyo.

Jeli ikikataa

Ukungu wa juu upo lakini zao halipo hata dakika ya 60: muunganiko ulianza na ukakwama njiani. Tazama ATP kwanza, kisha kreatini kinezi, ambayo hufa haraka ikishayeyushwa, kisha kama SSB ilitiwa kweli. RecA pungufu pia huleta sura hii, kwa sababu uzi uliofunikwa nusu huweza kuanza lakini hauwezi kumaliza.

Hakuna kitu kabisa, si ukungu si zao: pima pH ya mchanganyiko mzima kwa karatasi. Ikiwa chini ya 7, ni ATP. Ikiwa sawa, rudia kipimo cha NADH.

DNA imebaki vishimoni na haishuki: protini haikuondolewa. Badilisha proteinezi K au ongeza muda. Ikiendelea hata kwa proteinezi mpya, uzi mmoja ni mwingi mno na DNA zimeungana kama wavu. Kiasi kilichotajwa hapo juu kina maduara mawili ya uzi mmoja kwa kila DNA moja iliyonyooka, na inatosha.

Mistari inasambaa na kufifia kadiri dakika zinavyokwenda: nyukliezi. Rudi kwenye lile jaribio la duara na iliyonyooka, lakini safari hii lifanye kwa kila kiambato kimoja kimoja, SSB na kreatini kinezi zikiwemo. RecA hubebeshwa lawama ambayo wakati mwingine ni ya jirani yake.

Ukiitumia kwa kazi nyingine

Kwa hadubini ya elektroni, badala ya ATP tumia ATPγS, aina ya ATP iliyobadilishwa ambayo RecA huivunja polepole mno. Ganda la protini hubaki limetulia juu ya DNA, nayo hurefuka mara moja na nusu ya urefu wake wa kawaida. Kwa hali hiyo hata SSB haiwezi kuibandua, lakini pia usitarajie ubadilishanaji wa nyuzi ukamilike.

Kwa kuingiza kipande kifupi cha uzi mmoja kwenye plazmidi (duara dogo la DNA la bakteria) iliyosokotana, usiandae plazmidi kwa njia ya alkali. Alkali huacha sehemu ya DNA nyuzi zake zikiwa zimeachana bila kurudiana sawasawa, na hizo hupokea kipande hata RecA isipokuwepo.

Na kwa wale wa vipimo vya magonjwa vya RPA, mbinu ya kuzalisha nakala nyingi za DNA iliyochapishwa mwaka 2006: ile ilijengwa juu ya UvsX, ndugu wa RecA kutoka kirusi T4. Kiasi cha UvsX kilichoandikwa kwenye maelekezo ya RPA usikihamishie kwa RecA.

Ukihitaji kuizima RecA katika hatua inayofuata, nyuzi joto 65 kwa dakika 20 zinatosha, lakini DNA bado itakuwa na protini iliyokufa juu yake. Kabla ya jeli, SDS na proteinezi K bado vinahitajika.